Redio iliyotaka kelele: kisa cha amplifaya ya Mikindani

Mwalimu hakuniita nitengeneze kitu. Aliniita nimchagulie stabilaiza, kile kifaa cha kutuliza umeme unaopanda na kushuka. Korosho zake za Nanguruwe zilikuwa zimeshalipwa, fungu ameshalitenga, na alichotaka kwangu ni jibu moja tu: anunue ya wati ngapi ili amplifaya yake "iwahi kupata moto".

Hivyo ndivyo alivyolieleza tatizo, kwamba ni la moto. Nami nikalipokea vivyo hivyo, sikulipekua. Uzembe huo ulinigharimu siku mbili na kapasita sita, vile vikopo vya ndani vinavyotunza umeme, na ndiyo sababu nakiandika kisa hiki kwa kirefu. Simu za aina yake napigiwa sana, kutoka Mtwara mjini, Lindi, hata Masasi: redio ni nzuri, fundi, ila lazima ichemke kwanza.

Nyumba yenyewe ni ya zamani, ya mawe na chokaa, kuta zake unene wa dhiraa nzima. Dirisha la sebuleni linatazama ghuba. Upepo ukitoka baharini, meza ya kioo iliyo chini ya dirisha hupata utando mwembamba. Ukiugusa kwa ulimi ni chumvi. Amplifaya ni ya Kijapani, ya mwishoni mwa miaka ya 1970, wati 45 kila upande, ina mbao ubavuni. Mwalimu aliuziwa na mtu aliyekuwa anafunga mizigo kurudi kwao Ulaya. Ana deki ya sidii, ana gramafoni, ana spika mbili za kusimama zenye koni za inchi 8, na ana kabati zima la santuri za dansi na taarabu ambalo wajukuu hawaruhusiwi kulisogelea.

"Ikiwa baridi," aliniambia, "upande wa kushoto unaimba kama mtu aliyetia kichwa mtungini. Ukiiacha iwake, inafunguka yenyewe. Nimesoma kwamba amplifaya za daraja hii ndivyo zilivyo, zinataka saa nzima."

Nilimuuliza tatizo limeanza lini. Miaka mitatu nyuma, dakika kumi zilitosha. Mwaka uliofuata zikawa arobaini. Siku nilipofika alikuwa anaiwasha baada ya swala ya adhuhuri ili aisikilize baada ya isha, na wiki mbili za mwisho hakuizima kabisa. Ikiwa inawaka bila kuimba inakula kama wati 40, kwa hiyo usiku na mchana ni karibu uniti moja ya umeme. Mkewe alikuwa ameligundua hilo kwenye LUKU kabla yangu.

Ningekuwa makini, hapo hapo ningeshtuka. Kifaa kizima hakiongezi muda wake wa kupasha mwaka hadi mwaka. Kinachokua namna hiyo ni ugonjwa.

Kupasha moto si uzushi, hilo lazima niliseme kabla sijaendelea. Transista, kile kipande kinachokuza sauti, hufunguliwa na volteji ndogo, na volteji hiyo hupungua kwa takriban milivolti 2 kila joto linapopanda nyuzi moja. Amplifaya ya daraja la AB, kama hii, huacha mkondo kidogo upite kwenye transista kubwa hata pasipo muziki, ili upande mmoja wa wimbi unapokabidhi kazi kwa mwenzake pasiwe na ufa katikati. Mafundi tunauita mkondo huo bayasi. Kuna transista ndogo iliyobanwa kwenye mbavu za aluminiamu za kupoozea. Kazi yake ni kuhisi joto na kuurekebisha mkondo. Lakini aluminiamu nzito haichemki mara moja, kwa hiyo dakika za mwanzo joto na mkondo vinafukuzana kabla ya kutulia. Kwenye vali, zile taa za kioo za amplifaya za kizamani, jambo liko wazi zaidi: lazima waya wa ndani, ambao kwa vali nyingi ni wa volti 6.3, uwe mwekundu ndipo sauti itoke, na utulivu kamili huja baadaye. Amplifaya za daraja la D, ambazo ndizo zimejaa kwenye sabufa za siku hizi, karibu hazina habari na haya.

Niliipima ya Mwalimu. Kwenye kikinzani (kipande kinachozuia mkondo, na omu ndiyo kipimo cha kuzuia huko) cha omu 0.47 kilicho mguuni mwa transista kubwa, ilipowashwa tu mita ilisoma milivolti 9. Baada ya dakika kumi na mbili ikasoma 13, kwenye dakika ya ishirini ikawa 14, ikabaki hapo. Milivolti 14 juu ya kikinzani hicho ni kama miliampea 30. Kulia na kushoto zilikwenda sambamba kama ng'ombe wa jembe moja. Huo ndio moto wa kweli wa amplifaya ile, dakika ishirini, na tofauti yake masikioni ni ya mnong'ono. Halafu ushauri wa saa nzima umeandikwa na watu ambao sebule zao wakati wa baridi zina nyuzi 18. Siku ile kipimajoto cha Mwalimu kilisoma 31. Amplifaya ya Mikindani inaamka ikiwa imeshafika nusu ya safari.

Kwa hiyo nilijua kwamba bayasi haihusiki. Bado nikang'ang'ania joto, kwa sababu mteja alikuwa ameniambia joto. Kapasita za zamani hukauka maji yake ya ndani, zikiwa baridi huzuia mkondo, zikipata joto hulegea. Kifaa cha umri ule, sauti dhaifu ikiwa baridi, nzuri ikiwa moto: kitabu kizima cha kapasita zilizokauka. Nikabadilisha sita za njia ya kushoto, nikaifunga, nikanywa chai, nikaondoka na fahari yangu.

Kesho yake magharibi, mtungi ule ule.

Aliyeutegua ni mkewe. Alikuwa barazani anachambua mchele kwenye ungo, hata hakuinua uso. "Mwanangu, hiyo redio haitaki joto. Inataka kelele. Wajukuu wakija wakaiwekea singeli, haichukui hata dakika. Huyu akiiwasha peke yake, na sauti yake ya kubembeleza, ndiyo inakaa na kununa."

Nilimtazama Mwalimu. Mwalimu akatazama dirishani.

Hapo nikafanya nilichopaswa kufanya siku ya kwanza. Niliiwasha saa tatu asubuhi, sauti sifuri, nikaiacha mpaka saa tano. Kifuniko kilikuwa moto wa kutosha. Nikaweka santuri kwa sauti ya chini, na kushoto kukawa na mtungi. Saa mbili za joto hazikuwa zimefanya chochote. Nikaizima, nikaiacha ipoe wakati tunakula. Mchana nikaiwasha ikiwa baridi, nikapandisha sauti juu kwa sekunde tatu, nikairudisha chini. Safi. Kushoto na kulia sawa.

Yaliyobaki yalikuwa ya kufuata nyayo. Nilibadilisha waya za spika huku na huku nyuma ya amplifaya, ugonjwa ukahamia spika ya kulia, kwa hiyo spika ni nzima. Nikabadilisha waya zinazotoka kwenye deki, ugonjwa haukuhama, kwa hiyo si deki. Nikachomeka hedifoni, na hapo masikio yote mawili yakasikia vizuri hata ikiwa baridi. Kwenye amplifaya hii tundu la hedifoni limechukuliwa kabla ya rilei ya spika, yaani swichi inayojifunga na kujifungua yenyewe kwa umeme. Maana yake kila kitu mpaka pale ni kizima, na mgonjwa ni mmoja. Nikaigonga rilei kwa mpini wa bisibisi. Kushoto kukafunguka, kukaziba, kukafunguka.

Rilei ni ile inayolia "tak" sekunde chache baada ya kuwasha. Inasubiri umeme wa ndani utulie, kisha inaziunganisha spika. Transista kubwa ikiungua, inazikata spika zisipate umeme wa moja kwa moja ukachoma koili. Kila tone la muziki linaloingia kwenye spika hupita kwenye vidoti viwili vya fedha vinavyogusana ndani yake. Fedha hushika weusi, kila mwenye pete anajua, kwa salfa iliyomo hewani, na hewa ya chumvi si rafiki wa chuma chochote. Ngozi ile nyeusi ni nyembamba mno. Sauti ndogo haina nguvu ya kuitoboa, sauti kubwa inaitoboa, na ikishatobolewa hata sauti ndogo inapita mpaka ngozi iote tena.

Nilitaka kuiona kwa namba. Nikaondoa spika, nikaweka kikinzani cha omu 8 mahali pake, nikapitisha mlio wa hezi 100. Kabla ya rilei, volti 1. Baada ya rilei, volti 0.25. Hesabu yake ni nyepesi: ngozi ile ilikuwa inashikilia omu 24, yaani mara tatu ya spika yenyewe, na robo ya volteji inapofika kwenye spika, nguvu inayofika ni sehemu moja ya kumi na sita. Nikapandisha mlio mpaka volti 10 kwa muda mfupi, nikarudi kwenye 1. Sasa baada ya rilei ilisoma 0.98.

Mtungi nao ukapata maelezo, na hili ndilo lililonifurahisha kuliko yote. Spika iliyoandikwa omu 8 si omu 8 kila mahali. Pale koni inapopenda kutetemeka yenyewe, chini kabisa kwenye besi, omu zake hupanda sana. Juu yake kidogo, kwenye kifua cha mwimbaji wa kiume na gitaa la rithimu, hushuka mpaka sita au saba, kisha hupanda tena kwenye sauti kali. Ukiweka omu 24 njiani, sehemu zenye omu chache ndizo zinazonyang'anywa zaidi. Inabaki besi inayovuma mahali pamoja, na makelele ya juu, katikati patupu. Mwalimu hakuwa amekosea hata kidogo katika kuelezea alichosikia. Alikosea sababu tu, na wengi wetu tungekosea, kwa sababu kila jioni sauti ilipofunguka amplifaya ilikuwa kweli imepata moto. Isipokuwa ilikuwa imepita pia nyimbo nane, na katikati ya nyimbo nane hapakosi tarumbeta moja la kutoboa ngozi.

Rilei mpya, ya koili ya volti 24, iliagizwa Dar es Salaam ikaja na basi. Ya zamani nikaikata kifuniko mezani, Mwalimu amevaa miwani miwili, mmoja juu ya mwingine. Kidoti cha kulia kilikuwa cha kijivu, chenye mng'ao hafifu. Cha kushoto kilikuwa cheusi kama kitako cha sufuria, na katikati yake kashimo kadogo kenye ukingo ulioinuka, pale palipokuwa panaruka cheche. Chote si kikubwa kuliko punje ya ulezi. "Hiki ndicho kilichonilia uniti?" akauliza.

Kabla yangu kuna fundi aliwahi kumwambia dawa ni kuirukia rilei, waya moja kwa moja kutoka upande mmoja hadi wa pili. Sauti ingekuwa nzuri sana, mpaka siku transista ingeungua na volti 35 za moja kwa moja zikaingia kwenye koni ya inchi 8. Wengine huisugua kwa msasa; mara nyingi fedha ile ni utando tu juu ya shaba, ukiusugua umemaliza. Kama huna rilei mpya, chukua kipande cha karatasi ngumu, kiloweshe spiriti, kipitishe katikati ya vidoti na ukivute taratibu mpaka kitoke cheupe. Chomoa plagi kwanza na usubiri. Kapasita kubwa za ndani hukaa na umeme wao.

Sasa mapambo, maana Mwalimu alikuwa ameyakusanya katika miaka mitatu ya kuufukuza mtungi.

La kwanza ni vipande vinne vya mpingo, kila kimoja kiasi cha kiberiti mara mbili, alivyomchongesha fundi wa vinyago na kuviweka chini ya amplifaya "vizuie mtetemo". Mpingo ni mti mzito, ukiutupa majini unazama, na ndio unaochongwa klarineti na zumari za Ulaya, kwa hiyo nikaelewa mawazo yalitoka wapi. Amplifaya ya transista lakini haina kitu cha kusikia mtetemo wa meza, gramafoni inacho. Hata hivyo nilivisifu, na sikuwa namdanganya. Viliinua amplifaya vidole viwili kutoka mezani, na matundu ya hewa yako chini. Bila kukusudia alikuwa ameinunulia pumzi.

Pumzi hiyo ilizibwa juu. Juu ya amplifaya palikuwa na kitambaa cha kufuma, cheupe, chenye maua ya rangi ya waridi pembeni, kimefunika matundu yote ya juu. Kapasita hupoteza nusu ya umri wake kwa kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka, na hii ilikuwa inawashwa usiku na mchana chini ya shuka. Nilipokigusa nikaambiwa kimefumwa na marehemu mama yake Mwalimu. Katika kazi yote hapa ndipo nilipotumia maneno mengi zaidi. Tulikubaliana kihamie juu ya spika ya kushoto, kiinamie nyuma, kisiguse koni. Kila wiki vumbi la amplifaya linafutwa kwa brashi kavu. Kitambaa kinaendelea kuonekana na wageni, ambalo naamini ndilo lilikuwa jambo lenyewe.

La pili ni waya wa umeme mnene kama kidole gumba, mita moja na nusu, aliouletewa na mpwa wake kwa bei ambayo mkewe hajaambiwa na mimi siiandiki. Nikamwomba tufanye mchezo. Yeye akae na mgongo kwetu, mkewe, mama mwenye nyumba, arushe sarafu, mimi nichomeke waya ule au waya wa kawaida wa kompyuta, yeye aseme ni upi. Mara kumi. Alipata sita.

"Sita ni zaidi ya tano," alisema.

Ni kweli. Lakini mtu anayebahatisha tu, akijaribiwa mara kumi, atapata sita au zaidi katika zaidi ya theluthi moja ya majaribio ya namna hiyo. Ukutani nyuma ya soketi kuna waya wa kawaida wa nyumba, na huo unatoka mbali. Mwalimu amesomesha hesabu miaka thelathini. Hakubisha, alicheka, akasema waya haurudishwi kwa sababu ni mzuri kuuangalia. Sababu hiyo sina neno nayo.

La tatu halikuwa pambo, na ndilo lilikuwa limesahauliwa: waya za spika zenyewe. Nilipomenya ncha, shaba ilikuwa ya kijani. Nikakata sentimita tatu, kijani. Kumi, bado. Nilipofika ishirini ndipo ilipoanza kuwa nyekundu. Tukaenda duka la vifaa vya umeme, tukanunua waya wa milimita mraba 2.5, mita tano kwa kila spika. Kwenda na kurudi ni mita kumi, jumla ya omu 0.07 tu. Ncha zote nikazipaka risasi ili hewa isiingie ndani ya nyuzi. Nilisafisha kwa spiriti na vishikizo vya nyuma. Kila mtu anayeishi karibu na maji katika pwani hii afanye hivyo kabla ya kaskazi na kabla ya kusi, hata kama redio haimsumbui.

Chumbani sikufanya mengi. Nilipiga makofi katikati ya sebule, kuta za mawe zikanijibu. Spika zilikuwa zimesukumwa pembeni kabisa, tukazivuta mbele hatua moja. Mkeka mkubwa uliokuwa umekunjwa juu ya kabati ukatandikwa kati ya spika na kiti. Tofauti ya mkeka ule waliisikia wote, mpaka mama kule barazani, na hapo hapakuhitajika sarafu.

Bado alikuwa ananidai jibu la stabilaiza. Nilimwachia mita jioni tatu, aandike namba kila nusu saa, na aliandika kwa mwandiko wa ubaoni: chini kabisa volti 205, saa mbili usiku, watu wanapopika na kuangalia televisheni, juu kabisa 233. Kwa volti 205 amplifaya inapoteza kama sehemu moja ya tano ya nguvu zake za mwisho. Ile ya wati 45 inakuwa ya 36, ambayo kwa masikio ni desibeli moja, na yeye hajawahi kuifikisha hata wati tano. Ndani ya nyumba ile kulikuwa na chombo kimoja tu kilichokuwa kinaumizwa na jioni hizo, nacho kilikuwa kinanguruma jikoni, kompresa ikishindwa kuanza mara mbili kabla ya kukubali.

Nimerudi mara mbili tangu hapo. Amplifaya inawashwa saa moja na nusu, inaimba saa mbili. Ile nusu saa Mwalimu hajaiacha, na dakika ishirini zake ni za haki, kumi ni za mazoea. Stabilaiza ilinunuliwa, iko nyuma ya friji. Mama ameona miguu ya friji inavyoliwa na kutu, na ameshamwagiza fundi wa vinyago vipande vinne vya mpingo, vikubwa kuliko vile vya sebuleni.